Shajara ya mradi: damu ya wanaoacha lutuku

3 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha jana, na leo asubuhi Prof ametia sahihi. Mradi umeanza. Nafungua shajara hii pembeni kwa sababu daftari la maabara halina safu ya manung'uniko.

Swali letu: mtu aliyekunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji, kila siku kwa miaka, akiacha ghafla, vichocheo vya ukuaji vilivyomo katika damu yake vinafanya nini? Hizi ni protini zinazoiambia chembe iishi, ikue, iote matawi. Ya kwanza kufahamika ni NGF. Rita Levi-Montalcini, Mwitalia aliyeanza kwa kuchungulia viinitete vya kuku katika chumba chake cha kulala kule Turin wakati wa vita, ndiye aliyeifuata hadi Marekani, akafanya kazi na Stanley Cohen, na mwaka 1986 wakapewa Nobel. Sisi tunamfuata ndugu yake, BDNF, ambaye Yves-Alain Barde na Hans Thoenen walimtoa katika ubongo wa nguruwe na kutangaza mwaka 1982. Ndani ya ubongo BDNF husaidia neva kushikana na mtu kukumbuka. Bahati ni kwamba inapatikana pia katika damu, na damu tunaijua sisi watu wa maabara. Ubongo hauchotwi kwa sindano.

Watafiti wa Taiwan walichapisha mwaka 2008: walipima BDNF ya walevi waliolazwa, siku za mwanzo na tena baada ya juma moja bila pombe, wakakuta imepanda. Wajerumani wa Hannover nao wameifuatilia, pamoja na jamaa yake GDNF. Niliposoma nilipendezwa mno. Pombe inakandamiza, mtu anaacha, ubongo unaamka, damu inatoa habari. Kichwa nilichokiandika ni hiki: "Ubongo unavyopona: vichocheo vya ukuaji katika damu ya wanaoacha pombe, Lubumbashi." Prof alikisoma mara mbili, akapiga mstari wa penseli chini ya neno la kwanza, akarudisha karatasi bila kusema kitu.

6 Novemba

Nimekaa na dodoso la unywaji. Yale ya kigeni yanauliza "vinywaji vingapi kwa siku", na kinywaji kimoja maana yake gramu 10 za pombe halisi. Kwa bia hesabu inakubali: chupa kubwa ya sentilita 72 yenye asilimia 5 inabeba gramu 28 hivi, yaani karibu vinywaji vitatu. Lakini wanaofika kwetu si watu wa Simba wala Tembo, bia ina bei yake. Ni watu wa lutuku, ile ya mahindi na muhogo inayochemshwa kwenye pipa nyuma ya nyumba na kuuzwa kwa glasi ndogo katika mitaa yetu ya Katuba na Kenya, na kando ya barabara zote zinazotoka mjini. Haina lebo. Pipa la leo si pipa la jana, na muuzaji huongeza maji kadiri dhamiri yake inavyomruhusu. Nimefuta swali la gramu. Nimeweka: ulianza saa ngapi asubuhi? Mikono hutetemeka kabla ya glasi ya kwanza? Mara ya mwisho kukaa siku nzima bila kunywa ni lini? Majibu ya maswali haya matatu yananitosha.

11 Novemba

Boksi la Elisa, vifaa vya kupimia BDNF, limefika, barafu ya ndani bado baridi. Bei yake sitaiandika hapa, mke wangu husoma.

Sahani ina vishimo 96. Vipimo vya rejea saba pamoja na kimoja kitupu, kila kimoja mara mbili, vinakula vishimo 16. Vinabaki 80. Kila sampuli nayo hupimwa mara mbili, kwa hiyo nafasi ni 40 tu. Tukichukua damu siku ya 1, 3, 7, 14 na 21, hizo ni sampuli tano kwa mtu, watu wanane. Tukitaka seramu (maji ya damu iliyoachwa igande) na plazima (ya damu iliyozuiwa kuganda) zote mbili, watu wanne.

Watu wanane wa seramu, nimeamua. Wanne ni aibu kuwaandika.

19 Novemba

Kamati ya maadili imerudisha maombi yetu na swali moja lenye haki: mtu anayetetemeka, anayeona wadudu ukutani, anakubali vipi? Tumekubaliana idhini iwe mara mbili. Siku ya kwanza ndugu anakubali kwa niaba yake, na mgonjwa mwenyewe kama anaelewa. Akili zikimrudia, kwa kawaida siku ya tano au ya saba, tunamwuliza upya kana kwamba hatujawahi kuonana. Akikataa, kila kilicho chake kinatupwa.

26 Novemba

Leo nimejifunza jambo ambalo lingeniaibisha baadaye.

Rafiki wa maabara nyingine alitupa nusu ya sahani ya kampuni ile ile, ambayo muda wake unaisha mwezi huu. Vishimo 48. Toa 16 vya rejea, vinabaki 32, yaani sampuli 16. Wanne tukajitolea mikono: mimi, vijana wawili wa zamu, na Mama mkuu wa wauguzi, ambaye alisema hataki kuwatoboa watu kwa jambo ambalo yeye hajalionja. Kila mmoja alitoa tyubu tatu za kifuniko chekundu na moja ya zambarau. Nyekundu ya kwanza tuliiacha igande dakika 15, ya pili 30, ya tatu saa nzima, ndipo zikaingia kwenye mashini ya kuzungusha. Ya zambarau ina EDTA inayozuia kuganda. Hiyo iliwekwa kwenye barafu na kuzungushwa mara mbili ili ibaki plazima safi.

Damu ile ile, mkono ule ule, dakika ile ile ya kuchomwa. Kwa wote wanne seramu ya dakika 15 ilitoa BDNF ndogo, ya 30 ikazidi, ya saa nzima ikazidi zaidi. Plazima ilikuwa chini kabisa, hata nikadhani nimesahau kutia kitu.

Maelezo yake yamo vitabuni, ila niliyapita haraka kama mtu anayeruka maelekezo ya dawa. BDNF nyingi ya damu haielei ovyo. Imefungiwa ndani ya chembe sahani, zile chembe ndogo zinazoziba jeraha. Damu ikiganda, chembe sahani zinapasua mifuko yao na kumwaga vilivyomo, polepole, kwa dakika nyingi. Kwa hiyo anayepima seramu anapima kilichomwagwa. Anayewahi kuzungusha tyubu kwa sababu anataka kwenda kula bukari anapata jibu lake, na aliyechelewa kwa sababu ya simu anapata jibu lingine, na wote wawili wataandika "BDNF ya mgonjwa".

Utaratibu kuanzia leo: damu inachukuliwa kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, kwa kuwa BDNF ya damu hubadilika pia kwa saa za siku. Inaganda dakika 60 kwa kengele ya simu. Asiyesikia kengele aandike kwamba hakusikia.

2 Desemba

Mtu wa kwanza, L1. Ameletwa na mdogo wake. Siku mbili alikuwa anatapika, hata lutuku haikukaa tumboni, na hivyo ndivyo alivyoacha: si kwa uamuzi, kwa tumbo. Jasho, mapigo ya moyo mbio, mikono kama majani ya mwembe kabla ya mvua. Tunatumia kipimo cha Cushman hapa: mambo saba, kila moja sifuri hadi tatu, jumla ya juu kabisa 21. Alikuwa na 13.

Mama mkuu alimdunga tiamini kwanza, ndipo dripu ya sukari ikafuata, na alimkaripia kijana aliyetaka kugeuza mpangilio. Mlevi asiyekula ana tiamini kidogo. Ukimjaza sukari kabla, mwili unaimaliza ile kidogo iliyobaki na ubongo unaweza kuumia pasipo kurudi. Halafu diazepamu.

Ndugu yake aliuliza kwa nini mtu anaumwa kwa kuacha sumu. Nilimjibu kwa umeme, kwa sababu mtaani kwao, kama kwetu, umeme huja hafifu na kila mwenye friji ana regileta ya kuupandisha. Pombe huushusha umeme wa ubongo miaka na miaka, nao ubongo umezungusha regileta yake hadi mwisho ili taa ziwake. Siku pombe inapoondoka, umeme unarudi wote na regileta bado iko juu. Ndipo taa zinapasuka. Mtetemeko huanza ndani ya saa chache, kifafa huja mara nyingi katika saa 48 za mwanzo, na kuweweseka kwenyewe, wauguzi wanakoita deliriumu, kati ya siku ya pili na ya nne. Diazepamu inashika pale pale pombe ilipokuwa inashika, kisha tunaiteremsha kidogo kidogo. Alielewa mara moja. Aliuliza kama regileta hurudi chini yenyewe. Nikasema ndiyo, polepole.

Mkewe alifika saa nne, akaziona tyubu mbili mkononi mwangu.

"Dokta, hii damu munabeba, munaenda kuuzisha?"

Mimi si daktari, lakini hapa kila mwenye koti jeupe ni Dokta, nimeacha kusahihisha. "Hapana, Mama. Tunaipima tu."

"Batu banasema batumbula banarudi."

Alicheka, ila si kicheko chote kilikuwa kicheko. Hadithi za batumbula, wale wakamata watu wa usiku, bibi zetu walizikuta, na mtu anayekuja na sindano kila baada ya siku chache anafanana nao kuliko anavyopenda. Nilimpa tyubu azishike. Mililita 9 zote kwa pamoja, vijiko viwili vya chai visivyojaa. Nikamwonyesha chumba, mashini, friza, orodha. Alitaka kujua friza inafungwa na nani. Mimi, nikamwambia. Akaweka kidole gumba kwenye karatasi ya idhini na kuongeza kwamba atakuwa anakuja kuhesabu.

7 Desemba

Umeme ulikatika usiku wa kuamkia leo. Jenereta ilikuwepo, mafuta hayakuwepo, na mlinzi aliyejua hivyo hakutaka kumwamsha mtu.

Ndani ya friza nilikuwa nimeweka kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu ya ngwee juu yake, iliyobaki mfukoni tangu safari ya Kasumbalesa. Sarafu zetu wenyewe ziliisha zamani, tunazo noti tu, kwa hiyo Zambia imeokoa mradi. Asubuhi umeme ulikuwa umerudi, kila kitu kilikuwa kigumu kama mawe, na kipimo cha mlangoni kilisoma vizuri. Ila sarafu ilikuwa chini ya kikombe, imegandia huko. Barafu iliyeyuka yote usiku, kisha ikaganda tena.

Tyubu za L1 za siku ya 1 na ya 3 zimetupwa. Mkewe akija kuhesabu nitamwambia ukweli.

Nimenunua lita 20 za dizeli kwa pesa zangu na kumwandikia mlinzi namba yangu ukutani kwa rangi.

15 Desemba

Sikutegemea kwamba L1, ambaye hana tena nafasi kwenye sahani ya Elisa, ndiye atakayeniharibia kichwa cha mradi.

Kila tunapochukua damu tunapitisha tone kwenye mashini ya kuhesabu chembe, basi tu, kwa desturi. Namba hizo nilikuwa nabandika bila kuzisoma. Leo ni siku yake ya 14, amerudi kutoka nyumbani kwa miguu yake, ametulia, na nilipobandika karatasi mpya chini ya zile za zamani macho yangu yakaona. Siku ya 1 chembe sahani zilikuwa elfu 84 kwa mikrolita. Siku ya 3 karibu pale pale. Siku ya 7 zimefika elfu 230. Leo elfu 490. Kawaida ni kati ya elfu 150 na elfu 400 na kitu. Nilirudia kwa tone jipya. Nikafanya smia na kuhesabu kwa jicho kwenye darubini, kwa sababu mashini yetu nayo ina siku zake. Ni kweli: uwanja mzima umejaa chembe sahani, changa, kubwa.

Jambo hili ni la zamani. Pombe inakandamiza uboho wa mifupa, zile chembe kubwa za uboho zinazozaa chembe sahani zinalegea, na mnywaji mkubwa huonekana na chembe sahani chache. Akiacha, ndani ya siku chache uboho unafunguka, na katika juma la pili au la tatu unaweza kuvuka kipimo, kama ng'ombe waliofungiwa wakifunguliwa lango. Waholanzi Haselager na Vreeken waliandika juu ya kuvuka huku katika The Lancet mwaka 1977, kabla BDNF haijatengwa. Mtu alikuwa anaweza kujua.

Sasa weka mambo mawili pamoja. BDNF ya seramu ni ile iliyomwagwa na chembe sahani. Mtu akiacha pombe, chembe sahani zinaongezeka mara mbili, mara tano. Basi BDNF ya seramu isipande kwa nini? Ingepanda hata kama ubongo umelala fofofo.

Nilimtafutia ubongo upenyo. Nikajiambia labda chembe sahani zinaizoa BDNF ubongoni zikipita. Jioni nikasoma zaidi, nikakuta mlango huo nao umebanwa: kwa binadamu, zile chembe mama za uboho zinatengeneza BDNF zenyewe na kuwagawia watoto wao. Panya mdogo wa maabara yeye chembe mama zake hazitengenezi, na damu yake haina BDNF ya kupimika, ingawa ubongo wake umejaa. Mnyama mwenye BDNF tele kichwani na bila kitu kwenye mshipa! Nililala saa saba za usiku.

Siandiki kwamba Taiwan walikosea. Walichokipima kilipanda. Suala ni kinaitwaje.

Uamuzi: narudi kwenye watu wanne, seramu na plazima kwa pamoja, na kila jibu la seramu nitaligawa kwa hesabu ya chembe sahani za asubuhi hiyo hiyo. Aibu ya wanne nitaivumilia.

18 Desemba

L2 anaendelea vizuri. L4 ameingia Jumapili. L5 ameingia leo. L3 ndiye kazi.

L3 aliingia tarehe 12 akiwa na chembe sahani elfu 96, nikasema haya, lutuku. Siku ya 7, yaani leo, badala ya kupanda ziko elfu 61, na ana homa. Mtetemeko ulikuwa umeisha tangu juzi, kwa hiyo homa si ya kuacha pombe. Tone nene: malaria. Desemba hapa kila mbu ana kazi, na malaria nayo hushusha chembe sahani vibaya, achilia mbali bandama iliyovimba kwa malaria za miaka iliyopita au kwa ini bovu, inayozishikilia kama stoo. Katika makala zote nilizosoma za Ulaya na Asia sikukutana na malaria hata kwenye orodha ya wasiopokelewa. Hawaihitaji. Sisi tukiondoa kila mwenye malaria msimu wa mvua tutabaki na walinzi na Prof.

Hatumtoi. Anapewa dawa, na kuanzia leo kila mtu anapimwa malaria kila tukichukua damu.

20 Desemba

L4 amepata akili sawa, nikamsomea idhini upya. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama kuna kitu yeye binafsi anafaidika. Nikasema hapana, matibabu ni yale yale. Akasema basi hataki. Nilitoa tyubu zake na kuzitumbukiza kwenye ndoo ya klorini mbele yake. Alishukuru kwa heshima na kuomba chai.

25 Desemba

L3, siku ya 14. Alikuja kwa suti, akitoka misa ya alfajiri, na alikunja mkono wa koti kwa uangalifu kama mtu anayekunja bendera. Homa hakuna. Chembe sahani elfu 380.

1 Januari

Siku yake ya 21 imeangukia leo, na sikumtegemea. Mji mzima ulikesha, chupa zimelala barabarani kutoka Kamalondo hadi hapa, na mimi mwenyewe sikuwa mzima sana. Saa moja na nusu L3 akawa mlangoni na mkewe. Hawakulala, alisema mke, walikaa ndani na mlango umefungwa, akawa anamsomea Zaburi kila mara jirani alipoongeza sauti ya muziki. L3 hakusema lolote. Alinyoosha mkono.

L5 jana hakutokea. Siku yake ya 14 itabaki shimo.

13 Januari

Siku ya kusoma sahani. Sampuli 38 badala ya 40, kwa ajili ya shimo la L5. Vishimo vinne vilivyobaki nimeweka seramu yangu ya saa nzima kutoka damu mpya ya leo, nione mkono wangu umetulia kiasi gani. Rangi ya manjano ilikuja vizuri, nikasoma kwa nanomita 450 kabla umeme haujabadili mawazo.

L2: seramu imepanda hadi siku ya 14, mstari mzuri ambao Novemba ningeuweka kwenye jalada. Nikagawa kwa chembe sahani. Ukalala chini, karibu tambarare. Plazima yake inayumba huku na huku bila mwelekeo.

L3: seramu inafuata chembe sahani kama ndama anavyomfuata mama yake. Malaria inazishusha, nayo inashuka. Dawa inazirudisha, nayo inapanda. Mtu asiyejua homa yake angeandika kwamba ubongo uliumia siku ya 7 na kupona Krismasi.

L5: sina la kusema, ana shimo katikati, na pande mbili za shimo hazisemi kitu.

L6, aliyeingia tarehe 22, ananikera. Seramu imepanda, chembe sahani zimepanda, lakini ukigawa kinabaki kitu kinachoendelea kupanda hadi siku ya 21, na plazima nayo inaelekea juu. Nimepekua karatasi zake. Havuti sigara. Hajapewa dawa ya huzuni, ambayo ingeweza kuipandisha. Ninachokiona ni kwamba tangu alipotoka wodini anakuja kutoka Ruashi kwa miguu ili kubakiza nauli, kwenda na kurudi, na mazoezi hupandisha BDNF ya damu. Au ni kosa langu la pipeti. Au ni ubongo, hatimaye, mtu mmoja. Siwezi kumjengea nyumba mtu mmoja.

16 Januari

Kwa Prof. Alitazama grafu za L2, kabla na baada ya kugawa, muda mrefu. Akatoa karatasi yangu ya Novemba, ile yenye mstari wa penseli. Kumbe aliitunza.

"Uliona tangu siku ile?" nikamwuliza.

"Sikuona kitu, mwanangu. Niliona tu neno kubwa na tyubu ndogo."

Kichwa kipya: "BDNF ya seramu na chembe sahani kwa watu wanaoacha pombe: uchunguzi wa awali wa watu wanne." Hakuna atakayekiimba. Nimependekeza pesa iliyobaki isiende kwenye kichocheo kingine cha ukuaji, VEGF, kama tulivyopanga, kwa kuwa VEGF nayo imewekwa ndani ya chembe sahani na tungerudia safari ile ile kwa nauli mpya. Afadhali kile kiitwacho IGF-1. Hiyo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye ini, nayo hushuka kwa ini bovu na kwa njaa, na watu wetu wana vyote viwili. Wengi wanakunywa asubuhi na kula usiku, kama wanakula. Kwa hiyo tutahitaji mzani na kipimo cha mkono kabla ya kununua boksi lolote. Mama mkuu anasema mzani wa wodi unaongeza kilo mbili, na kila mtu anaujua.

19 Januari

L1 amekuja. Hatukumwita. Mkewe alimwambia kwamba tyubu zake ziliharibika, na yeye anataka kujua kama basi yeye hayumo kwenye kazi yetu. Nikamwambia yumo, tena yeye ndiye aliyetuonyesha njia, ila jina lake halipo. Akataka karatasi. Karatasi gani? Ile ya kuonyesha kwamba damu yake ilikuwa chini ikapanda, yenye tarehe, apeleke kwa mkubwa wake wa kazi, maana alifukuzwa Oktoba na ameambiwa alete kitu.

Nimeiandika kwa mashini, namba zote nne na ya siku ya 21, ambayo ni elfu 310. Muhuri uko kwa Prof, naye yuko Likasi hadi Ijumaa. L1 amesema atarudi Ijumaa.